"Akisisitiza Jambo": Tovuti za Umma Zinavyowafukuza Waandishi wa Habari

Jina la Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolieleza, ni amri: tupa uchawi. Hata hivyo, kwa Watanzania wengi wasiowahi kufika Ufipa, mji huu una habari moja tu, nayo ni uchawi huo huo. Tumezoea kuwalaumu waandishi wa habari kwa jambo hili. Leo naomba tuugeukie upande wa pili: ofisi zetu za umma, na hasa tovuti zake.

Mfikirie mhariri aliyeko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa. Ni saa kumi jioni, na anataka kuandika juu ya mahindi ya Rukwa. Anafungua tovuti ya ofisi ya umma. Anapokewa na picha kubwa za viongozi zinazopokezana, kisha neno la ukaribisho lenye aya sita. Anatafuta simu ya ofisa habari, anapata sanduku la posta. Anafungua taarifa kwa vyombo vya habari, anakuta karatasi iliyopigwa picha, muhuri umefunika tarehe, na maneno yake hayanakiliki. Chini ya picha pameandikwa: "Kiongozi akisisitiza jambo." Jambo gani? Wapi? Lini? Anabofya "Takwimu", anaambiwa ukurasa unatengenezwa. Anaufunga. Siitaji ofisi yoyote, kwa maana yeyote aliyewahi kuzitumia tovuti za namna hii anaijua safari hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti kutoka Denmark, aliwachunguza waandishi wakiwa kazini na kubaini kwamba wanatafuta mambo machache tu: jina na simu ya mtu wa kuzungumza naye, ukweli wa msingi, msimamo wa taasisi juu ya tukio, taarifa za fedha, na picha zinazoweza kuchapishwa. Wasipoyapata upesi, huondoka. Baadhi huandika bila taasisi hiyo, na wengine huacha kuandika kabisa. Mambo hayo matano hayahitaji mtambo wa kigeni. Yanahitaji mtu anayemjali msomaji.

Najua utetezi utakaotolewa. Wa kwanza ni bajeti. Lakini kuandika jina, namba ya simu na tarehe kunagharimu shilingi ngapi? Taarifa iliyochapwa kwenye kompyuta, ikatolewa kwenye printa, ikapigwa muhuri na kisha kupigwa picha imekula kazi zaidi kuliko kama ingewekwa kama maandishi. Hayo si matokeo ya umaskini. Ni mazoea ya kumtengenezea tovuti mkubwa wa ofisi badala ya mwananchi.

Utetezi wa pili ni kwamba mwandishi akitaka habari, aje ofisini. Aje kwa nauli ya nani? Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja. Anayetoka Kirando au Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, kupanda hadi Sumbawanga kuuliza tarakimu moja, huenda akatumia fedha nyingi kuliko malipo ya habari yenyewe. Huku si kumwalika, ni kumfukuza kwa adabu.

Tena jambo hili si hisani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka taasisi ziwe na maofisa habari, na inatoa hadi siku 30 kujibu ombi la taarifa. Chumba cha habari kina saa tatu, si siku 30. Tovuti nzuri ni jibu lililotolewa kabla ya swali.

Athari zake tunazibeba sisi. Habari haivumilii utupu. Ofisi ikinyamaza, uvumi unachukua kiti chake. Ndiyo maana nchi inasimuliwa radi na waganga, ilhali mkulima wa Nkasi anayehangaika na soko la mahindi hana ukurasa. Maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, na matanuri marefu ambamo Wafipa waliyeyusha chuma, vinabaki siri ya wenyeji.

Ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, fungueni leo tovuti ya ofisi yenu kwa simu ya kawaida, kwa bando lenu wenyewe, mkijifanya wageni. Tafuteni simu ya msemaji, bajeti ya mwaka huu na picha moja yenye maelezo kamili. Mkishindwa ninyi mnaoijua ofisi, msimlaumu mhariri wa Dar es Salaam kwa kuandika uchawi. Nanyi wanafunzi wangu, ombeni taarifa hizo kwa maandishi, kwa mujibu wa sheria, na mhesabu siku.

Mficha uchi hazai. Mkoa unaojificha nyuma ya picha za wakubwa wake utaendelea kusimuliwa na wengine.