Mita hudanganya, sproketi haidanganyi

Anayenunua pikipiki iliyotumika mara nyingi huweka mbele kilomita zinazosomeka kwenye mita. Mimi ningeziweka mwisho. Mita hubadilishwa kwa muda mfupi, lakini uchakavu haufichiki: meno ya sproketi yakichongoka kama ya msumeno, na bomba likitoa moshi wa bluu, pikipiki imechoka hata ikipakwa rangi mpya. Iwashwe injini ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla mteja hajafika.

Kuhusu ukubwa wa injini, wapo watakaosema anayeanza kuendesha Kisarawe anahitaji cc 150 kwa sababu ya vilima na mchanga. Hoja hiyo ina uzito kwa anayebeba abiria na magunia. Anayejifunza hubeba mwili wake tu, na pikipiki nyepesi ya cc 100 au 125 ikilala mchangani huinuliwa bila taabu. Kibaha nako, kwenye Barabara ya Morogoro yenye malori, kinachookoa ni breki na tairi, si mwendo. Wengine watasema kadi ya usajili itafuatiliwa baadaye. Hapana: namba ya chasisi isipolingana na kadi, na umiliki usipohamishwa kwenye Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), umenunua kesi, si pikipiki.