PhD ya picha: ni mchezo wa wazungu au inatuhusu?

Wadau, mwambie mzee nyumbani kwamba unataka kusoma PhD ya kupiga picha uone kama hajakuuliza umelogwa na nani. Kwetu mpiga picha ni yule wa harusini na wa pasipoti, unajifunza kwa fundi miezi mitatu basi. Udaktari wa nini tena?

Lakini vyuo kadhaa vya Ulaya vinaitoa, na hawagawi bure. Mwanafunzi anaanza na swali kama mtafiti mwingine yeyote, ila kamera ndiyo chombo chake cha kulitafutia jibu. Mwishoni anawasilisha picha, kitabu au maonyesho, pamoja na maandishi yanayoeleza kagundua nini, halafu anajitetea mbele ya jopo. Picha nzuri peke yake haimpitishi.

Mfano upo hapa jirani, Uganda. Mwaka 2011 Mholanzi Andrea Stultiens na Mganda Rumanzi Canon walianzisha History in Progress Uganda. Walitafuta picha za zamani zilizolala kwenye makabati ya familia na ya wapiga picha kama Deo Kyakulagira, wakaziskani na kuziweka mtandaoni ili Waganda wenyewe wazione na kuzisemea. Kazi hiyo ikazaa vitabu vilivyoitwa Ebifananyi, na mwaka 2018 Stultiens akapata PhD yake Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi.

Jina lenyewe lina somo. Kwa Kiganda neno hilo linabeba picha ya kamera na ya kuchorwa, zote ni mfano wa kitu. Sisi Waswahili tunasikia "kufanana" humo humo. Kwa hiyo ukiichukua nadharia ya picha iliyoandikwa Paris ukaibandika Kampala, kuna kitu kitakuponyoka.

Sasa hoja yangu ni hii. Mama huyo simlaumu, kafanya kazi, tena na wenyeji. Lakini makabati yako Uganda na digrii ikatoka Leiden. Maswali kuhusu sura za babu zetu anayauliza yule mwenye chuo kinachomruhusu kuyauliza. Na makabati hayasubiri, jamani. Mpiga picha akifa studio inafungwa, warithi hawajui thamani ya negativu, unyevu na mchwa vinamalizia.

Vyuo vyetu viamke. Idara za historia, sanaa na uandishi wa habari zikae meza moja, zimruhusu kijana wa uzamili alete picha za mtaa mzima kama tasnifu, ili mradi ana swali na anaweza kulitetea. Kinachotakiwa ni skana, miguu ya kutembea, na daftari la kuandika majina ya waliomo pichani wakati wazee wanaowakumbuka bado wako hai.

Wadau mnasemaje? Ile studio ya zamani mtaani kwenu, negativu zake ziko wapi leo?

Nawasilisha.