Biharusi, Soma Nyuma ya Boksi la Maziwa ya Lozi

Mabiharusi wanaokuja kwangu kupimwa nguo siku hizi wameshika boksi la maziwa ya lozi, na chakula cha mchana ndiyo hicho. Mimi sikubali. Kikombe kimoja kina protini gramu 1 tu, ya ng'ombe yana 8, ya soya karibu 7. Lozi humo ni chache mno, kilichobaki ni maji! Kalsiamu hutiwa kiwandani na hutuama chini, kwa hiyo tikisa kabla ya kumimina.

Halafu huyo huyo akiona maharage ya kopo anakunja uso. Nusu kikombe kina protini gramu 6 au 7, na nyuzinyuzi za kutosha. Ubaya wake ni chumvi. Mwaga yale maji, suuza maharage, itapungua. Mboga za kopo hupoteza vitamini C kwa ule moto wa kiwandani, ni kweli, lakini ndimu si ipo?

Kama maziwa ya ng'ombe yanakusumbua tumbo, shoga yangu, chukua ya soya yaliyotiwa kalsiamu, yasiyo na sukari. Tui la nazi tuliache kwenye wali, lile ni mafuta.