Risala ya Watumishi wa Umma wa Mkoa wa Katavi kwa Mgeni Rasmi wa Mei Mosi, Mpanda

Ndugu Mgeni Rasmi,

Sisi walimu, wauguzi, maafisa ugani na watendaji wa vijiji tunaofanya kazi Karema, Mwese, Inyonga, Majimoto na hapa Mpanda mjini tunakukaribisha. Tuna jambo moja zito: tunataka stahiki zetu ziingie zenyewe kwenye mshahara, kama makato yanavyotoka yenyewe.

Makato hayachelewi. Asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kwa waliokopeshwa chuoni, kodi ya mapato, vyote hukatwa bila mtu kuandika barua. Mfumo wa Taarifa za Kiutumishi na Mishahara unaijua tarehe ya kuajiriwa ya kila mmoja wetu, kwa hiyo unaweza kujua siku miezi 12 ya majaribio inapotimia. Hata hivyo, kuthibitishwa kazini kunangoja barua, barua inangoja jalada, na jalada linamngoja ofisa aliyesafiri. Asiyethibitishwa hapandi daraja.

Aliyepanda naye ana mateso yake. Barua ya cheo ina tarehe, lakini mshahara mpya hauingii mpaka taarifa zijazwe na kuidhinishwa kabla mishahara ya mwezi haijafungwa. Ikipita siku moja tu, ni mwezi mwingine. Miezi ikirundikana huwa malimbikizo, na kuyadai ni safari upya.

Ndugu Mgeni Rasmi, safari hizo uzijue. Kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na masika barabara za huku tunazijua wenyewe. Muuguzi anayekuja kuulizia daraja lake hulipa nauli na malazi mfukoni mwake, na zahanati aliyoiacha huenda haina muuguzi mwingine. Mama anayefika kujifungua siku hiyo ndiye anayelipa gharama iliyo kubwa kuliko yetu sote.

Nauli ya likizo tunastahili kila baada ya miaka miwili kwa Kanuni za Kudumu. Kwa kuwa hulipwa kwenye fungu la matumizi mengineyo, haimo kabisa katika mfumo wa mishahara. Hupata anayefuatilia sana, na aliye mbali husahaulika.

Hatumlaumu ofisa utumishi, ambaye naye ana majalada tele na mtandao unaokatika. Tunadai kazi hii isitegemee kumbukumbu ya mtu. Kima cha chini kilipopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, hakikuhitaji barua ya mtumishi mmoja mmoja. Kanuni iliwekwa mara moja, ikawafikia wote.

Kwa hiyo tunataka mfumo umtaje mwenyewe kila anayetimiza sharti la kuthibitishwa au kupanda daraja, miezi mitatu kabla, na mwajiri atakayemzuia aandike sababu. Malimbikizo yakokotolewe siku mshahara unaporekebishwa, bila fomu ya madai. Ratiba ya nauli za likizo iingizwe humo na itengewe fedha kabla ya Julai. Kila mtumishi aone kwa simu yake stahiki yake imefika kwa nani na tangu lini. Tena, taarifa ikijazwa vibaya na mwajiri, mtumishi asikatwe mshahara kabla hajasikilizwa.

Tunaomba majibu kwa maandishi, kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.

Tunaomba kuwasilisha.