Kisangani: Kozi za kuchunguza simu na kompyuta, je, zinafaa kununuliwa?

Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji wa Kisangani, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, vijana waliosoma informatiki na kukosa kazi ya ofisi wanatafuta riziki kwa kutengeneza simu kando ya barabara. Mmoja wao aliniuliza kama ni vema auze pikipiki yake ili alipie kozi ya uchunguzi wa simu na kompyuta, ile inayouzwa na kampuni inayotengeneza programu yenyewe. Anaamini kwamba akipata cheti hicho, polisi, parke na mabenki watamtafuta.

Swali lake si la kijana mmoja tu. Viongozi wa polisi na wa sheria katika jimbo la Tshopo nao watakutana nalo, kwa sababu ushahidi unaopelekwa mahakamani unazidi kutoka ndani ya simu. Jibu fupi ni hili: kozi hizo zina faida, lakini si kwa mtu anayeanza, na si kwa asiyekuwa na programu yenyewe mkononi.

Kwa nini swali hili sasa

Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata sheria yake ya mambo ya kidijitali. Sheria hiyo inakubali maandishi ya kompyuta kuwa ushahidi kama karatasi, mradi ijulikane nani aliyeyaandika na ionekane kwamba hayakubadilishwa. Masharti hayo mawili ndiyo kazi yote ya mchunguzi: nani, na je, kitu kimeguswa?

Miezi sita baadaye, nchi nzima iliona jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Tarehe 8 mwezi wa tisa 2023, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Simu zake na kompyuta yake zilichukuliwa. Alishtakiwa kutengeneza na kusambaza hati ya uongo iliyohusishwa na idara ya upelelezi ANR, kuhusu kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Alikana. Upande wa mashtaka ulidai kwamba njia za kiufundi zilionyesha yeye ndiye aliyeanza kuituma hati hiyo. Lakini WhatsApp na Telegram, picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, huondoa habari zilizofichwa ndani yake. Picha hiyo ikiisha kuzunguka katika makundi, haiwezi yenyewe kukuambia nani aliituma wa kwanza. Bujakera alihukumiwa miezi sita tarehe 18 mwezi wa tatu 2024, akatoka siku iliyofuata kwa kuwa muda huo alikuwa amekwisha kuupita gerezani.

Kesi hiyo inaonyesha kwamba kuwa na mashine ya kufungua simu hakutoshi. Mtu anayesoma matokeo lazima ajue mashine haiwezi kusema nini.

Kampuni zinauza nini

Majina makubwa katika biashara hii ni Cellebrite ya Israeli, Magnet Forensics ya Kanada, MSAB ya Uswidi, pamoja na wamiliki wa programu za EnCase na FTK. Kila moja ina masomo na vyeti vyake. Kozi ya siku tatu hadi tano hugharimu mara nyingi dola elfu kadhaa, bila kuhesabu leseni ya programu inayolipiwa tena kila mwaka. Masomo mengi yanatolewa kwa Kiingereza, na baadhi ya vyeti huisha nguvu baada ya miaka michache.

Ndani ya kozi, mwanafunzi anajifunza kutumia chombo cha kampuni hiyo: bonyeza hapa, chagua pale, toa ripoti. Hilo si jambo la kudharau. Simu inayofunguliwa vibaya inaweza kufuta ushahidi. Tena wakili wa upande wa pili atauliza mahakamani: wewe uliyefungua simu hii, nani alikufundisha? Cheti cha mtengenezaji ni jibu zuri kwa swali hilo.

Lakini kuna maswali mengine ambayo cheti hicho hakijibu. Nani alitoa ruhusa ya kuchukua simu? Ilikaa wapi tangu siku ilipochukuliwa? Nani mwingine aliigusa? Hayo yanatoka katika sheria za Kongo na katika procès-verbal ya OPJ, na hakuna kampuni ya nje itakayokuja kuyafundisha.

Tofauti ya saa mbili

Chukua mfano mmoja ambao unatuhusu sisi wa Kisangani. WhatsApp huhifadhi saa ya kila ujumbe kwa saa ya kimataifa, na programu nyingi za uchunguzi huweza kutoa ripoti kwa saa hiyohiyo. Kisangani iko mbele yake kwa saa 2, Kinshasa kwa saa 1. Ujumbe ulioandikwa 20:00 katika ripoti ulitumwa saa 22:00 hapa kwetu, na wakati huo Kinshasa ilikuwa saa 21:00.

Mtu aliyejifunza kubonyeza tu ataandika 20:00. Ikiwa mshukiwa alikuwa kanisani na watu wengi saa 20:00, anaweza kuachiliwa ijapokuwa ana hatia. Ikiwa alikuwa peke yake saa hiyo, ila saa 22:00 alikuwa na mashahidi, anaweza kwenda gereza kuu la Kisangani bila kosa. Aliyefundishwa misingi ataangalia kwanza mpangilio wa saa, kisha ataandika wazi katika ripoti ni saa ya wapi.

Bukavu ilifanya nini

Mashariki mwa nchi tuna mfano mwingine. Mwezi wa tisa 2018, mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu katika wilaya ya Kalehe. Kati ya ushahidi kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu ya eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo hailipiwi. Inahifadhi mahali na wakati picha ilipopigwa, na inaweka alama ya hesabu inayoonyesha kama picha iliguswa baadaye.

Chombo hicho cha bure kilifaa kwa sababu waliokitumia walifuata utaratibu tangu picha ya kwanza hadi mezani mwa majaji.

Misingi yenyewe inaweza kujifunzwa kwa gharama ndogo. Autopsy ni programu ya bure ya kuchunguza diski. FTK Imager, ya kunakili diski bila kuibadilisha, nayo ni ya bure. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, inatoa bure diski za mazoezi. Kinachohitajika ni kompyuta yenye betri nzuri, kwa sababu umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kunakili, kazi inaanza upya.

Kabla ya kutoa pesa

Mtu au ofisi inayotaka kununua kozi ijiulize mambo manne. Je, leseni ya programu tunayo, na pesa za kuilipia mwaka ujao zipo? Je, inafungua Tecno, Itel na Infinix ambazo raia wa hapa wanazo, au inasifiwa kwa iPhone tu? Je, watakaofundishwa ni angalau wawili, na watabaki katika kazi hiyo, au mmoja tu atakayehamishiwa jimbo lingine baada ya miezi mitatu? Je, wanajua tayari kunakili diski, kuandika njia iliyopitiwa na ushahidi, na kueleza matokeo kwa Kifaransa ambacho jaji ataelewa?

Jibu likiwa ndiyo kwa yote manne, kozi ya mtengenezaji inafaa bei yake, na serikali au wafadhili wanaosaidia sheria wafanye vizuri kuilipia. Jibu moja likiwa hapana, pesa hizo zitumike kwanza kufundisha ma-OPJ namna ya kuchukua simu, kuifunga kwenye bahasha na kuandika kila mkono ulioigusa.

Na kwa kijana wa Simi-Simi: asiuze pikipiki. Leseni hana, na bila leseni atasahau kozi kabla cheti hakijaisha muda. Apakue Autopsy, afanye mazoezi miezi sita kwa diski za bure, ajifunze kuandika ripoti. Ofisi ikimhitaji siku moja, kozi hiyo ndiyo itakayolipa, si yeye.