Acha kulaumu fimbo, angalia unapougonga mpira

Gofu si mchezo wa mabosi peke yao tena. Pita kwenye uwanja wowote wa mazoezi jijini Nairobi wikendi jioni na utawaona vijana wamejipanga foleni, kila mmoja na ndoo yake ya mipira. Msee anaweka mpira juu ya tii, anavuta pumzi, anazungusha fimbo kwa nguvu zote za ugali wa jana. Mpira unakata kona kulia na kuanguka hata kabla ya kibao cha kwanza cha umbali. Anawageukia wenzake na kusema, “Hii fimbo si poa, bana.”

Mimi nasema fimbo haina kosa. Kabla hujatoa doo ya kununua draiva mpya, na kabla hujabadilisha mshiko wako kwa sababu ya video ya sekunde thelathini uliyoona TikTok, jibu swali moja tu: mpira wako uligongwa na sehemu gani ya uso wa fimbo?

Wengi wetu hatujui. Tunatazama mpira unakoenda, hatutazami ulikotoka. Ni sawa na yule mtu anayehisi joto mwilini, anakimbia dukani kununua dawa ya malaria bila kupimwa damu. Labda atapona, labda atazidiwa. Chenye uhakika ni kwamba pesa zimeenda.

Hebu tuangalie kinachotokea. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Unapogongwa, unakaa kwenye uso wa fimbo kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hujapepesa jicho, biashara imekwisha. Ukiugonga katikati, nguvu inaingia kwenye mpira vizuri. Ukiugonga pembeni, kichwa cha fimbo kinajipinda na sehemu ya nguvu hiyo inapotea. Ule mtetemo unaokuuma viganja ni jasho lako ambalo halikuufikia mpira.

Sasa fanya hesabu nami. Kwa draiva, pigo safi la katikati huupa mpira kasi inayokaribia mara moja na nusu ya kasi ya fimbo. Chukua vijana wawili. Wa kwanza anazungusha fimbo kwa kilomita 160 kwa saa lakini anaugonga mpira pembeni, anapata mara 1.35 tu. Mpira wake unatoka kwa kilomita 216 kwa saa. Wa pili hana misuli, anazungusha kwa kilomita 150, lakini anaugonga katikati na kupata mara 1.48. Wake unatoka kwa kilomita 222. Mwenye misuli ameachwa nyuma, na kesho mgongo utamuuma.

Kuna mtego mwingine unaowapotosha wengi. Tuseme unatumia mkono wa kulia. Ukiugonga mpira kwa ncha ya draiva, kichwa kinapojipinda mpira unapata mzunguko wa kuuvuta kushoto. Ukiugonga kwa kisigino, yaani upande ulio karibu na mpini, mzunguko unauvuta kulia. Wewe unaona mpira umekata kulia, unaamua mikono yako ndiyo mibaya. Unabadilisha mshiko, unageuza miguu, na sasa una makosa mawili badala ya moja. Kwa fimbo za chuma ni vibaya zaidi: ukisogea kisigino kupita kiasi, mpira unagonga shingo ya fimbo na kuruka kulia kama umefukuzwa.

Habari njema ni kwamba kipimo chake ni cha bei rahisi. Tafuta ile dawa ya poda ya miguu ya kunyunyizia, inyunyize kidogo kwenye uso wa fimbo, kisha piga. Mpira utaacha alama yake. Huna poda? Chora doa kubwa kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, elekeza doa hilo upande wa fimbo, upige, halafu tazama wino umebaki wapi. Pangusa kwa kitambaa, rudia. Mipira kumi inatosha. Ila hii ni ya mazoezini tu. Kwenye mchezo wenyewe, sheria hazikuruhusu kupaka fimbo kitu cha kubadilisha mwenendo wa mpira.

Alama zikikusanyika upande mmoja, una bahati, kwa sababu tatizo lako lina anwani. Zikiwa kisigino, huenda umesimama karibu mno na mpira, au unapoteremsha fimbo uzito wako unakimbilia vidoleni na kiuno kinausogelea mpira. Zikiwa kwenye ncha, huenda umesimama mbali, au unainuka na kukunja mikono wakati wa kugonga. Zikitapakaa kila mahali kama njugu zilizomwagika, tatizo si umbali. Unapiga kwa nguvu kuliko mwili wako unavyoweza kusimamia. Punguza.

Alama zikiwa juu sana au chini sana ya uso wa draiva, tazama tii yako kwanza. Fimbo ikiwa chini, karibu nusu ya mpira inafaa ionekane juu ya kichwa chake. Kwa fimbo za chuma, kunja taulo dogo na uliweke nyuma ya mpira, umbali wa upana wa kiganja hivi. Ukigonga taulo, umefika chini mapema. Fimbo inafaa iugonge mpira kwanza, ardhi baadaye.

Ukishajua ugonjwa, tiba ni hii. Chomeka tii mbili ardhini, moja upande wa ncha na nyingine upande wa kisigino, ukiacha nafasi ndogo ya kichwa cha fimbo kupita katikati. Piga nusu swingi bila kuzigusa. Legeza vidole, usikabe mpini kama kondakta anayening'inia mlangoni mwa matatu. Ukimaliza, simama hivyo hivyo kwa sekunde tatu. Ukiyumba, ujue mwili wako ulikuwa unasafiri wakati wa kupiga. Halafu jaribu kitu ambacho wengi huona ni wazimu: piga makusudi kwa ncha, kisha makusudi kwa kisigino, kisha tafuta katikati. Mtu anayeweza kukosea kwa kupenda anaweza pia kupatia kwa kupenda.

Najua wapo watakaoniambia kuwa draiva za leo zinasamehe makosa. Ni kweli. Watengenezaji wamesambaza uzito pembezoni mwa kichwa, ambacho sheria inakiwekea kikomo cha sentimita za ujazo 460, ili kisijipinde ovyo. Lakini kusamehewa si kufundishwa. Fimbo inayokusamehe kila siku inakuficha ukweli, na siku ukishika fimbo ya chuma yenye kichwa kidogo, ukweli huo utakuja na riba.

Wengine watasema, “Sisi tunacheza kwa raha tu, tuache.” Sawa, lakini raha ni ipi? Ni kulipia ndoo tatu na kurudi nyumbani ukiwa na malengelenge na hasira? Vijana wengi wanaacha gofu baada ya miezi michache wakiamini kwamba mchezo huu ni wa wenye pesa na vifaa ghali. Hapo ndipo mimi nakasirika. Pesa zinafungua mlango wa klabu, ndiyo, lakini katikati ya uso wa fimbo hakuna mlinzi anayekuuliza kadi ya uanachama. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kwa kubeba mifuko ya wenzao, na walijifunza kwa fimbo za kuazima. Unapoingia Golf Park pale Ngong Racecourse au uwanja mwingine wowote, muulize yule kedi unayemlipa anaona nini ukipiga. Ametazama mapigo mengi kuliko hao wataalamu wa simu yako. Kisha mheshimu kama mwalimu, na umlipe vizuri.

Viwanja vya mazoezi navyo vina deni. Kuuza ndoo za mipira bila kumwonyesha mgeni jinsi ya kusoma pigo lake ni kuuza daftari bila kalamu. Mkebe mmoja wa poda na dakika tano za maelezo haviwezi kufilisi biashara. Vitawafanya wateja warudi.

Na mashindano ya Kenya Open yakija tena, usiende kwa ajili ya picha na muziki pekee. Haya ni mashindano yaliyoanza mwaka 1967, na Seve Ballesteros aliyashinda 1978. Simama karibu na sehemu ya mazoezi asubuhi. Wengi wao utawaona wakianza na fimbo fupi, mapigo madogo, polepole. Sikiliza mlio. Ni uleule, pigo baada ya pigo.

Wiki hii nunua ndoo moja badala ya mbili. Mipira kumi ya kwanza iwe ya kupima, iliyobaki iwe ya kurekebisha kosa moja tu ulilolipata. Fanya hivyo mara nne au tano, ndipo uamue kama unahitaji draiva mpya. Huenda kweli unaihitaji. Lakini angalau utakuwa na ushahidi, na si hasira, unapotoa M-Pesa yako.