Mtoto Anayesoma Gizani



Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, binti yangu alikuwa ameketi mkekani akinisomea kitabu chake cha Gredi ya Kwanza. Alisoma kwa sauti nzuri, bila ya kusita, nami moyoni nikimshukuru Mola. Ghafla stima ikapotea. Nyumba iliingia giza, lakini mtoto hakunyamaza. Aliendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa, neno kwa neno. Sote tukaangua kicheko, na mimi nilikuwa wa kwanza. Stima iliporudi, kitabu kilikuwa kimefungwa na mwenyewe amejificha nyuma ya mlango. Kwa muda wa wiki tatu hakukubali tena kusoma mbele yangu.

Kosa halikuwa lake. Watoto wetu wa pwani huhifadhi sura fupi chuoni kabla ya kuzijua herufi, na hifdhi hiyo ni neema kubwa. Lakini kuhifadhi ni kazi ya sikio na ulimi, ilhali kusoma huanzia machoni. Binti yangu alikuwa amekisikia kitabu kile darasani mara nyingi hata kikamkaa kichwani, na mimi sikuwahi kutazama macho yake yalikuwa wapi. Kisha, badala ya kumsaidia, nikamcheka. Mtoto aliyeaibika hujifunza upesi sana jambo moja, nalo ni kukificha kitabu.

Basi jambo la kwanza ni kujua kama mtoto anasoma au anakariri. Funika picha kwa kiganja. Weka kidole kwenye neno lililo katikati ya mstari, umwulize ni neno gani. Mwambie aanze na mstari wa mwisho. Fanya hivyo kama mchezo, si kama mtego wa kumnasa.

Jambo la pili ni sauti. Lugha yetu imetukirimu: irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Hata hivyo, mtoto wetu hupitia milango mitatu kwa wakati mmoja. Chuoni huanza na alif kutoka kulia kwenda kushoto. Shuleni hufundishwa majina ya herufi kwa Kiingereza, ambako a huitwa “ei” na i huitwa “ai”. Kisha nyumbani tunamtaka asome neno kiti, naye akajibu “kaitai”, tukamwona mzito. Si mzito, ametumia ufunguo wa mlango mwingine. Mwambie waziwazi kwamba hapa tunasoma Kiswahili, na herufi hii hulia “i”. Anza na irabu, kisha silabi za herufi chache kama m, b, t, k na l, na uziunde haraka ziwe maneno anayoyajua: mama, baba, kiti, kuku. Ch, sh, dh, gh na ny zije baadaye. Za mwisho ziwe zile zinazowatatiza hata wakubwa: ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, na ile m inayosimama peke yake katika mto na mkate.

La tatu linatuhusu sisi hasa. Mtoto wa Mombasa au Lamu akiona njia akasoma “ndia”, au akiona macho akasoma “mato”, usimkemee. Ameielewa maana, na ameitamka kwa lugha ya mamake. Mwambie, “Naam, ndiyo hiyo hiyo, sasa tazama kitabuni imeandikwaje.” Tukiidharau lugha ya nyumbani mbele ya kitabu, mtoto atadhani vitabu ni vya watu wengine.

Nilimwomba binti yangu radhi. Kisha nikamwambia anisimulie kisa chochote apendacho. Alisimulia habari za paka wa jirani aliyeiba samaki jikoni. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa herufi kubwa, tukayasoma pamoja. Baadaye nikachukua mkasi, nikakata kila sentensi vipande, neno moja kila kipande, nikavichanganya mkekani. Sasa hifdhi peke yake haikutosha. Ilimbidi atazame ili ajue paka yuko wapi na samaki yuko wapi. Usiku ule alikosea mara nyingi, na hakuna aliyecheka ila yeye mwenyewe.

Dakika kumi baina ya Magharibi na Isha zatosha, simu ikiwa imewekwa kando. Asiye na kitabu asihuzunike: pakiti ya unga, jina lililoandikwa nyuma ya tuktuk, majina ya mashangazi na wajomba kwenye karatasi, vyote ni masomo. Na mama asiyejua kusoma asijitoe. Akae karibu, asikilize, aulize, “Kisha ikawaje?” Mtoto mwenye msikilizaji husoma zaidi. Ikiwa miezi imepita na mtoto bado anatatizika, zungumza na mwalimu wake, na umpeleke apimwe macho na masikio kabla ya kumwita mvivu.

Aya za kwanza kuteremshwa kwa Mtume wetu (S.A.W.) zilianza kwa amri ya kusoma. Na hapa kwetu, elimu ya nyumbani si jambo geni. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi mwaka wa 1858, alimwita kwanza akae karibu naye, achukue wino na karatasi. Hakungoja mtu mwingine amfundishe mwanawe.

Nasi leo usiku tumwite mtoto akae karibu. Akikosea, tumngoje.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira, na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Amin. Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia namna ya kumsimulia hadithi mtoto anayekataa kulala.

Wabillahi tawfiq.